Tuliandika zero mbele ya jasho letu

Kuna karatasi moja tunaichunga katika sanduku la sendika. Imekunjwa mara nne, iko na alama ya mafuta ya mashini pembeni, na chini yake imeandikwa kwa biki ya bulu: jumla, dola 1850. Ni devi yetu ya kwanza. Sisi wadelege sita tuliifanya mangaribi moja, kiisha posti ya mchana, tukikaa nyuma ya atelie. Ilitukamata saa mbili tu. Kuitengeneza kulitukamata miezi saba.

Tunataka kuzungumuza juu ya ile karatasi kwa sababu tunasikia kwamba katika kampuni zingine pia wakubwa wameanza kuwaambia wadelege: "Muko na lazima ya kitu fulani? Basi mulete devi yenu." Inapendeza kusikia vile. Mutu anajisikia mukubwa. Sisi pia tulijisikia wakubwa.

Mambo yenyewe ni haya. Tunatumika katika usine moja ya kusafisha shaba na kobalti, upande wa Kolwezi. Jina lake hatulitaji. Wenye kututambua watatutambua. Katika atelie yetu ya matengenezo tuko watu 58, tumegawanyika katika posti tatu. Kwa miaka, mutu alimaliza kazi, akapanda bisi na salopeti ile ile aliyovaa asubuhi, akafika kwake, watoto wakamurukia mulangoni. Halafu mama wa nyumba akaiweka ile salopeti katika beseni moja na nguo za mutoto muchanga. Na vumbi ya kobalti si vumbi ya barabara. Inaingia katika mapafu, inawasha ngozi, kuna wenzetu inawaletea asma. Mu 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, waliandika kwamba kobalti katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na mausine ya Katanga ilikuwa nyingi sana, na ya watoto ilipita ya wakubwa. Mu 2020 wakaandika tena, juu ya watoto wanaozaliwa na kilema: hatari ilikuwa kubwa zaidi kama baba alitumika kazi ya madini. Sisi hatuko waganga. Lakini tunajua salopeti yetu inalala wapi.

Tukaomba dushi na vestieri. Hatukuomba zawadi. Sheria ya Kazi ya 2002 inataka kampuni iwe na kamiti ya usalama, ya usafi na ya urembo wa mahali pa kazi. Ndiyo, hata urembo. Urembo tutauomba siku ingine. Tulianza na maji na sabuni.

Kampuni haikukataa. Iliita sutretani mumoja, akapima chumba cha mita 6 kwa 4, akaleta devi ya dola 11400. Shefu wa departema akatuita biro, akatuonyesha ile karatasi, akatikisa kichwa.

"Ba papa, munaona benyewe. Makuta ya hii haiko."

Mumoja wetu, bila kuuliza wenzake, akajibu: "Shefu, sisi benyewe tunaweza kuijenga, na bei itakuwa ya chini sana."

"Basi muniletee devi yenu. Mpaka 2000 niko na ruhusa ya kutia mukono mimi mwenyewe. Ikipita pale inaenda Lubumbashi, na kule munajua."

Tunajua. Kule karatasi inalala, inaamka, inalala tena.

Sasa munaweza kuelewa ile mangaribi nyuma ya atelie. Mutu wa akili angeanza na ukuta: urefu, upana, matofali ngapi. Sisi tulianza na 2000. Kabla ya kuandika musumari wa kwanza tulijua tayari jumla itakuwa ngapi, na kila kitu tulichoandika tulikiangalia kama kitaingia ndani ya ile 2000 ama hapana. Tulihesabu kwa kurudi nyuma, sawa mutu anayenunua kiatu kwa kuangalia mufuko wake, haangalii muguu.

Na kwa macho karatasi ilikuwa nzuri. Matofali ya sima 650, juu ukuta wa inje uko mita 20 kuzunguka na mita 2 na nusu na kidogo kwenda juu, na mita moja ya mraba inakula matofali 12 na nusu. Dola 390. Mifuko ya sima 30: kumi na saba ya sakafu, kumi na tatu ya kuunganisha na kupaka. Dola 360. Manjanja 20, dola 220. Mbao 90. Tiyo, robine na vichwa vinne vya dushi, 310. Milango miwili, 160. Kamio moja ya muchanga na moja ya mawe ya kuvunja, 270. Rangi, 50. Mukijumlisha mutapata 1850 kamili. Shefu alitia mukono siku ile ile, akatushika mukono mumoja mumoja. Tulitoka mule tukiimba.

Mutu mwenye kusoma kwa makini ameona tayari kitu kinachokosa. Katika ile orodha kazi ya kujenga haiko. Iko, kusema kweli. Tuliiandika ndani ya musitari wake, "main d'œuvre", na mbele yake tukaandika zero. Tuliona ni jambo la heshima: tutatumika sisi wenyewe, siku ya Mungu, kwa mapendo. Tutarudia hapo, juu hapo njo pabaya kuliko pote.

Lakini tuanze na mambo ya kuchekesha. Tulihesabu ukuta wa inje, tukasahau ukuta wa ndani. Dushi nne, bila kitu katikati. Wakati fundi aliuliza kuta za kutenganisha ziko wapi katika karatasi, mwenzetu mumoja akasema: "Iko nini? Tuko wote wanaume." Lakini katika timu yetu kuna baba mumoja na bukwe wake, mume wa binti yake wa kwanza, na wako posti moja. Ule baba alisimama, akasema kwa sauti ya polepole kwamba yeye ataendelea kurudi kwake na uchafu mpaka pansioni. Hakuna mutu alicheka. Siku ile ile tuliongeza kuta za ndani, na pamoja na yale yaliyovunjika katika kamio tulifika matofali 870. Yaani 220 zaidi.

Maji ilikuwa hadisi ingine. Kando ya ile fasi kunapita tiyo kubwa, na sisi tuliandika kwamba tutachukua maji pale. Sisi, watu wa matengenezo, tunaofungua na kufunga zile tiyo kila siku! Maji ya mule ni ya usine, si ya kuogea. Hata kunawa nayo mikono hutakiwi. Maji safi ilikuwa mbali, mita 110. Dola 165 hazikuandikwa fasi yoyote.

Na kuna mama mumoja anayesafisha mabiro. Siku moja alipita na ndoo yake, akasimama, akaangalia kuta zetu zilizokwisha kupita kichwa cha mutu.

"Ba papa, kazi muzuri. Lakini ile maji ya kuoga itaenda wapi?"

Tulitazamana. Watu sita, kila mumoja na miaka zaidi ya kumi ya kazi ya mafundi, na hakuna hata mumoja aliyefikiri kwamba maji inayoingia lazima itoke. Maji ya kusafisha vumbi ya kobalti huwezi kuiachilia tu ikimbie katika majani. Ikabidi shimo, mawe, kifuniko cha beto: dola 190. Kama tungemuuliza ule mama mbele ya kuandika, tungepata jibu bure. Yeye njo anayejua maji inaenda wapi, juu yeye njo anaimwanga kila siku.

Bariyere nayo ilitukula. Kamio ya muchanga ya mutu wa inje haiingii hivi hivi katika usine. Derva anaomba karatasi, kofia, boti, mafundisho ya usalama ya asubuhi moja. Kamio yetu ya kwanza ililala inje siku mbili, na mwenyewe akatulipisha zile siku. Dola 90. Hatulaumu wazamu, sheria za usalama tulizililia sisi wenyewe. Tulizisahau tu wakati wa kuhesabu.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja makuta ikaisha. Kuta zilikuwa zimesimama, manjanja haijapanda, na mvula ya Kolwezi haingojei mutu. Mifuko ya sima tuliyobakisha ilikuwa chini, kwenye udongo, na hema moja iliyotoboka juu yake. Asubuhi moja tukaikuta imekuwa mawe. Pamoja na ile iliyoenda katika kuta za ndani, tulinunua mifuko mingine 14.

Basi turudi kwa zero.

Siku ya Mungu ya kwanza tulikuja watu 19. Kulikuwa na furaha, mutu alileta bukari, mwingine samaki. Ya pili, watu 7. Ya tatu, wadelege watatu na kijana mumoja asiye na bibi. Tulikasirika sana. Tulisema wenzetu hawana moyo, sendika ni ya midomo. Leo tunaona haya ya yale maneno. Mutu ametumika posti sita katika juma, mbili za usiku, amekula vumbi. Sheria inasema saa 45 kwa juma. Nani aliiandika ile sheria? Wabeberu hawakutupatia kwa mapendo. Ni watu waligoma, wengine walikufa juu ya saa za kazi. Na sisi, sendika, tulitwaa karatasi ya kampuni na kwa mukono wetu tukaandika kwamba saa za mutu, zikipita 45, bei yake ni zero. Hata sutretani wa 11400 hakuthubutu kuandika vile.

Siku ya Mungu ya nne ule kijana aliteleza juu ya mbao, akaanguka. Mukono ulivimba, asante Mungu haukuvunjika. Kwenye dispansari waliuliza: "Alikuwa kazini?" Hakuwa kazini. Jina lake halikuwa katika posti ya siku ile. Basi hii ni ajali ya kazi, ya kupeleka kwa CNSS, ama ni mutu aliyeanguka tu? Walimutunza kwa huruma, na sisi tulikaa inje kwenye kivuli bila kusemezana. Kama angeanguka na kichwa, bibi gani ama mama gani angelipwa, na nani? Sisi wadelege sita na karatasi yetu?

Kiisha pale tuliita fundi wa kulipwa na wasaidizi wawili. Siku 20, dola 29 kwa siku kwa wote watatu. Dola 580. Katika mambo yote tuliyosahau, hiyo njo kubwa kuliko yote, na si kwamba tuliisahau. Tuliiona, tukaifuta.

Ongezeni mabanki, misumari ya kutundikia nguo na rafu za boti, 145, na hesabu inakuwa hivi: dola 3320. Yaani kila dola 100 tuliyoandika ilizaa karibu 80 zingine. Shefu wa departema, ambaye alitushika mukono, alipata maneno kutoka juu, na sisi tukapata barua ya kuomba maelezo, ile tunaijua wote. Mukubwa mumoja wa Lubumbashi alisema mbele ya watu kwamba sendika inajua kuomba lakini haijui kuhesabu. Iliuma, juu ilikuwa kweli.

Lakini angalieni kitu kimoja. 3320 haifiki hata sehemu ya tatu ya 11400. Kama siku ya kwanza tungeandika 3500, na haya yote ndani, na fundi kalipwa, tungekuwa bado chini kabisa ya ule sutretani, na hata Lubumbashi wangeona faida yao. Tuliogopa ile safari ya karatasi kuliko uongo. Matokeo: karatasi ilisafiri kwenda Lubumbashi vile vile, lakini ikiwa na haya usoni, na mvula ikiwa ndani ya chumba.

Wengine watatuuliza: na ile 11400, haikuwa wizi? Tuliomba kuona ndani yake, na kwa kweli si yote ilikuwa wizi. Sutretani analipa TVA ya 16 kwa mia. Analipa siku za bariyere, anavalisha watu wake, anangojea malipo yake miezi, na wakati anangojea anakopa. Haya yote anayaandika, na sisi hatukuandika hata moja. Lakini kulikuwa na musitari mumoja, "mambo mbalimbali", dola 2300. Tuliuliza mambo gani. Mpaka leo tunauliza.

Hapa tunataka kukaa kidogo, juu wenzetu wengi wanachanganya mambo mawili. Mutu akiongeza juu ya devi kitu cha matabishi, cha mufuko wake, cha "kukula pamoja", ule ni mwizi, awe sutretani awe delege. Na tunajua wadelege wa namna hiyo, tusidanganyane. Lakini mutu akiandika waziwazi: hapa kuna dola 300 za mambo tusiyoyaona bado, na kama hatukuzitumia zinarudi kwa kampuni, ule si mwizi, ule ni mutu aliyekwisha kujenga kitu katika maisha yake. Tofauti ni kwamba moja imefichwa ndani ya bei ya misumari, na ingine iko na jina lake na musitari wake. Sisi tuliogopa kuitwa wezi, tukaacha hata ile ya haki. Na kazi ikiwa ndogo, njo inaomba akiba kubwa zaidi: katika kazi ya dola milioni, kamio moja kulala inje hakuna mutu anaiona, katika kazi ya 1850, ni mulango muzima.

Aliyetufundisha si mutu wa biro. Ni muzee mumoja wa Gécamines, kati ya wale zaidi ya 10000 walioachishwa kazi mu 2003 kwa ile iliyoitwa "départs volontaires". Volontaires! Tuendelee. Ule muzee alikuwa katika biro ya majengo, kazi yake ilikuwa kuhesabu. Watu wa namna yake walitoka na akili yao, na kampuni zilizokuja hazikuwatafuta. Sasa anauzisha unga kwenye soko dogo la karibu na kwetu. Tulimupelekea karatasi yetu, akaisoma, akaigeuza, akairudisha.

"Watoto, hapa mulihesabu nyumba. Hamukuhesabu mutu."

Tukamuuliza ni kusema nini. Akaamuka, akatufanyisha mazoezi kama watoto wa kalasi ya kwanza. "Wewe, ingia. Mulango uko wapi? Una kadena? Nani ana funguo? Vua boti. Unaziweka wapi? Chini? Kuna maji chini. Vua salopeti. Unaitundika wapi? Na ile safi ya kuvaa, utaitundika na chafu pamoja? Oga. Sabuni iko wapi? Nani ameileta? Mwezi ujao nani ataileta? Ni mwezi wa sita, saa kumi ya usiku, Kolwezi. Maji iko baridi namna gani? Utaoga ama utadanganya kwamba umeoga? Toka. Nani anasafisha nyuma yako?" Kwa kila jibu alitufanyisha kuandika musitari. Tulifika misitari 41. Devi yetu ya kwanza ilikuwa na 9.

Na bei hakutaka hata kuisikia mpaka misitari iishe. Alisema bei ni kitu cha mwisho. Mutu anayeanza na bei atapunguza mambo ili yaingie ndani yake. Halafu akatuambia tutafute bei kwa watu watatu, tuandike siku tuliyoipata, na kama ni franga ama dola, juu franga haikai fasi moja, na sima inayopita Kasumbalesa inabadilika bei kila bariyere ikifungwa kidogo. Na mwishoni tusiandike jumla moja. Tuandike mbili: ikienda muzuri, ikienda mubaya. "Na muandike pia vitu ambavyo haviko ndani," akasema. "Mukubwa anasoma paka jumla. Ile siku ya matata, ule musitari utawaokoa."

Tumejaribu njia yake. Kiisha dushi tuliomba kivuli cha kungojea bisi kwa watu wa posti ya usiku, juu walikuwa wananyeshewa. Tuliandika: kati ya 1400 na 1750, fundi kalipwa ndani yake, taa haiko ndani. Ilitukamata majuma mawili kuihesabu, na wenzetu walinungunika kwamba kwa kitu kidogo vile tunapoteza wakati. Ilimalizika na 1612. Hakuna barua ya maelezo iliyokuja. Kila dola iliyotoka tuliiandika katika kaye kando ya dola tuliyokadiria, na ile kaye sasa inatusaidia zaidi ya devi yenyewe: tunajua sasa kwamba sisi, kama sisi, kwa usafiri tunakosea kila mara, na kwa sima tunakosea kidogo tu.

Wakubwa wa kampuni nao tuko na neno kwao. Ile mipaka ya 2000 muliyoiweka kwa shefu wa departema inafundisha watu uongo. Tumeona kazi moja ikikatwa vipande viwili ili kila karatasi ipite chini. Tumeona, na kufanya, devi zilizopunguzwa mpaka zinakosa maji. Kama mutu wa fasi anaweza kuamua paka vitu vidogo, mutaletewa vitu vidogo kwa karatasi na vikubwa kwa ukweli, kila mwaka, na mutashangaa kila mwaka. Na musitwambie tena: "Mulete devi yenu," kama munataka kusema: "Mujenge wenyewe." Delege kujua kuhesabu ni vizuri, ni lazima, ili mutu asimuletee 11400 na kumufunga mudomo. Lakini dushi ya kutoa vumbi ya usine ni kazi ya mwenye usine. Sendika si sutretani wa bei ya chini.

Na sisi kwa sisi: wenzetu wa mausine mengine, mukiombwa devi, musikae sita nyuma ya atelie. Muite mama wa kusafisha, muite magazinye, muite fundi mumoja wa kweli, muite hata ule anayenungunika kila siku, juu yeye njo anaona vitu. Na mbele ya jasho la mutu musiandike zero. Kama munataka kujitolea, mujitolee kwa shule ya watoto wenu ama kwa nyumba ya mujane. Kampuni iko na makuta.

Dushi ilifunguka mwisho wa mwezi wa pili. Inatumika. Mama wa nyumba mumoja alitutumia neno kupitia mume wake, kwamba beseni lake sasa linapumuzika. Ule baba na bukwe wake wanaoga, kila mutu na ukuta wake. Maji ya moto haiko bado, na mwezi wa sita unakuja. Misitari tumekwisha kuandika, bei tumepata mbili, ya tatu tunaingojea.

Kuna jambo moja hatukulisema. Kati ya zile dola 1470 zilizokosa, Lubumbashi ilitoa 1180. Zile 290 zingine zilitoka kwetu: watu 58, dola tano kila mumoja, katika mwezi wa kumi na mbili, wakati watu walikuwa wanatafuta nguo za Noeli za watoto. Tulichanga ili kujisafisha vumbi ya mwingine. Orodha ya majina na sainyi tumeipeleka kwa direksio pamoja na barua ya kuomba ile makuta irudi. Barua iko na alama ya kupokelewa ya tarehe 11 ya mwezi wa tatu. Tunangojea jibu.